Nyungunyungu wamehama bustanini kwangu Kinyerezi, nawarudishaje?

#1 Mama Tembele
Wakuu habari. Nina shida ambayo nikiwaambia majirani wanacheka ila nyie wa bustani mtanielewa. Kiwanja changu kipo Kinyerezi hapa Dar, nilihamia 2011, wakati ule udongo ulikuwa mweusi, ukipiga jembe mara moja tu unakuta nyungunyungu wawili watatu wanajikunja. Masika ndo usiseme, asubuhi unafungua mlango wanatambaa barazani mpaka unawaruka na ndoo yako. Sasa huu mwaka wa tatu sijaona hata mmoja. Juzi nimechimba mashimo manane, tuta la matembele, la mchicha, chini ya mpapai, pembeni ya tenki, nimekuta mchwa, yale mabuu meupe manene na kipande cha kandambili. Basi. Udongo umekuwa mgumu, nikimwagia maji yanazunguka kwanza juu halafu yanakimbilia njiani. Matembele yanatoka lakini majani kama ya mtu anayeumwa. Samadi naweka, mbolea ya dukani naweka. Hawa wadudu wameenda wapi?

#2 Kijana wa Tabata
Nimekaa siti ya mbele, mimi pia kwangu wamepotea.

#3 JembeLaMkono
Siyo wadudu mama, mdudu ana miguu sita. Tukiacha hilo, jibu haya kwanza: samadi ya nani, mbolea ya dukani ipi, maji ya wapi, majani yakianguka unayafanyaje, na dawa gani imepita hapo. Bila hayo tutabaki kupiga ramli.

#4 Kuku Mia Tatu
Mimi bila hata kusubiri majibu nasema ni mbolea ya kuku. Nafuga wa mayai hapa Chanika, nikisafisha banda watu wanakuja na viroba wanabeba ikiwa bado ya moto, ukifungua kiroba macho yanatoka machozi. Hiyo hewa inayokuchoma macho ndiyo inayomchoma nyungunyungu, yeye hana mapafu, anapumulia ngozi, na ngozi lazima iwe na unyevu. Nilimwaga mwenyewe kwenye mchicha siku moja jioni, asubuhi nikakuta wametoka juu wamelala kama kamba za viatu, wengine bado wanatikisika. Tangu hapo nairundika chini ya mwembe, naimwagia maji, naifunika, nageuza, miezi mitatu. Ikishaiva haina harufu, ukiishika ni kama udongo wa msituni.

#5 Mama Tembele
Jembe asante, najibu. Samadi ni ya kuku kweli, ya jirani, inakuja na maranda yake na siiachi ikae. Mbolea ni ile nyeupe ya SA (salfeti ya amonia) na mara moja moja urea. Maji ni ya kisima tulichochimba 2019, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Majani nafagia kila asubuhi, nachoma Jumamosi. Dawa, 2021 nyanya zangu zilishikwa na minyoo fundo, mizizi ikawa na vinundu kama tangawizi, muuza duka la pembejeo akanipa dawa ya punje nifukie kwenye tuta. Na pia mwaka ule tuliweka pevingi kuanzia getini mpaka jikoni.

#6 Kijana wa Tabata
Dah mama, hapo ningekuwa mimi nyungunyungu ningehama na vyombo 😂

#7 Bustani Ndogo
Kwa hiyo minyoo aliiua mwenyewe? Kwani minyoo fundo na nyungunyungu si wamoja?

#8 Mwalimu wa Baiolojia
Siyo wamoja hata kidogo. Minyoo fundo ni vidogo kiasi kwamba kwa macho huvioni, vinaingia ndani ya mizizi na kunyonya. Nyungunyungu hagusi jani bichi wala mzizi mzima, hana meno, anakula kilichoanza kuoza pamoja na udongo na vidudu visivyoonekana vilivyomo. Shida ni kwamba dawa nyingi za punje zilizokuwa zikitumika kwa minyoo fundo hazichagui. Kabofurani kwa mfano ni sumu kali sana kwa nyungunyungu, na kwa ndege wanaookota zile punje, ndiyo maana nchi nyingi zimeipiga marufuku. Mama Tembele, kama una pakiti soma jina la kiambato, siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele.

Na kwa wanaoogopa minyoo ya tumboni, huyo naye ni mwingine kabisa. Nyungunyungu hakai tumboni mwa mtoto. Ila samadi mbichi na maji machafu vinaweza kuwa na mayai ya ile ya tumboni, kwa hiyo mikono inaoshwa.

#9 Mzee wa Ruvu
Wanangu hamjambo. Mimi ni mvuvi wa ndoano, siyo mkulima, nafuata kambale Mto Ruvu, na chambo changu ni huyuhuyu mnayemlilia. Nikitaka kujaza kopo siendi shambani kwa mtu anayetia mbolea, naenda nyuma ya bafu la nje, pale maji ya kuoga yanapotokea na pamepandwa migomba. Unafunua jani la mgomba lililooza, unachokoa kwa kijiti, dakika kumi kopo limejaa. Miaka arobaini sijawahi kukosa pale. Sasa nyie mnaosema sabuni inaua mnieleze.

#10 JembeLaMkono
Shikamoo mzee. Hakuna aliyesema sabuni bado ila mimi nilikuwa naelekea kuisema hahaha, umeniwahi.

#11 Mzee wa Ruvu
Marahaba. Basi usiiseme.

#12 Dada wa Msimbazi
Mzee ana hoja lakini kuna maji ya kuoga na kuna maji ya kufulia. Sisi bondeni tulikuwa na mama mmoja anamwaga beseni la omo na jiki hapohapo kwenye tuta kila wikiendi, pakawa peupe, hata mbigili haioti. Maji ya kuoga yana povu jepesi na mgomba unakunywa haraka. Nadhani pale kinachowavuta ni unyevu usiokatika mwaka mzima, na kivuli, na yale majani na magome ya mgomba yanayooza taratibu, siyo sabuni.

Na mama Tembele mimi nimeshtuka na kitu kimoja tu kwenye majibu yako yote. Kufagia. Kila asubuhi fagio la chelewa, majani yote pembeni, Jumamosi moto. Nyungunyungu anakula nini? Hiyo samadi anakutana nayo mara mbili kwa mwaka tena ikiwa inaunguza. Halafu saa saba mchana Januari hebu vua viatu ukanyage huo uwanja uliofagiwa, huwezi kusimama. Yeye yuko hapo bila ngozi ya maana.

#13 Mama Tembele
Dada wa Msimbazi umenigusa. Lakini nisipofagia mama mkwe akija ataniona mchafu, na nyoka je? Tulishaua mmoja karibu na tenki.

#14 Kijana wa Tabata
Mama mkwe ni tatizo kubwa kuliko nyoka hapo.

#15 Dada wa Msimbazi
Uwanja wa mbele fagia uwezavyo, hayo majani ndiyo uyapeleke bustanini badala ya moto. Tandaza unene wa vidole vinne, acha nafasi kuzunguka shina. Nyoka anafuata panya na chura na sehemu za kujificha zenye mashimo, kama matofali yaliyopangwa na mabati. Matandazo membamba kwenye tuta unalopalilia kila siku utamuona mapema. Na usiingize mkono bila kuangalia, tumia kijiti kama mzee.

#16 Kifusi cha Goba
Samahani nachelewa. Wote mnaongelea alichofanya juu, hamjauliza kilichomwagwa. Dada mliweka pevingi, kabla ya pevingi si mlijaza kifusi? Hapa Goba nimejaza lori sita kuinua kiwanja, ule udongo mwekundu umechimbwa huko chini kabisa, hauna mizizi, hauna jani, hauna kitu kilicho hai. Fundi akachanganya na mabaki ya zege na simenti. Mwaka mzima hata magugu yaligoma. Nyungunyungu hakuuawa, kafukiwa. Na hawezi kurudi kwa miguu, umemzungushia ukuta wenye msingi na pevingi juu. Nimesoma kwamba wenyewe wakisambaa huwa ni mita chache tu kwa mwaka.

#17 Mama Tembele
Kifusi kiliwekwa ndiyo, lori mbili, ila upande wa geti tu. Matembele yapo nyuma.

#18 Kuku Mia Tatu
Basi siyo kifusi.

#19 Kifusi cha Goba
Mvua ikinyesha maji ya geti yanaenda wapi?

#20 Mama Tembele
...Nyuma.

#21 Kifusi cha Goba
Haya.

#22 Chumvi Mbezi Beach
Jamani maji! Mtu kasema sabuni haitoi povu mkapita. Sisi wa pwani visima vinavuta chumvi ya bahari, kadiri watu wanavyochimba vingi ndivyo inavyosogea. Kinyerezi mko mbali na bahari kidogo lakini visima virefu navyo vina chumvi yake. Nilimwagilia miaka miwili, juu ya udongo pakatoka utando mweupe kama unga wa sembe na udongo ukajifunga, maji hayaingii, hivyohivyo anavyoeleza mama. Nyungunyungu kwenye chumvi ananyonywa maji kupitia ngozi. Nilichofanya ni kukinga maji ya mvua kwenye simtanki, masika naacha mvua iioshe chumvi iende chini, na naongeza mboji. Wamerudi upande mmoja tu, upande wa bomba la mvua.

#23 Bustani Ndogo
Kwani maji ya bomba si yana klorini?

#24 Chumvi Mbezi Beach
Kidogo sana hiyo, ukichota kwenye ndoo ukaacha usiku kucha nyingi inapaa. Chumvi haipai.

#25 Fundi Tofali
Mimi nina wazo tofauti msinicheke. Jirani yangu kaanzisha mashine ya kufyatua tofali, ile ya kutetemesha, kuanzia asubuhi mpaka magharibi, dirisha langu linalia. Tangu ianze sioni nyungunyungu. Wanasikia?

#26 Mwalimu wa Baiolojia
Hawasikii kwa sikio, hawana. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka mingi kabla ya kuchapisha matokeo 1881, akawapigia filimbi na piano, hawakushtuka. Lakini alipoweka chungu chao juu ya piano na kubonyeza nota, wakakimbilia mashimoni. Kwa hiyo mtikisiko wanaupata vizuri. Na kule Florida, Marekani, kuna watu wanachomeka kigingi ardhini na kukisugua kwa chuma, nyungunyungu wanatoka juu kwa mamia, wanaokotwa kwa ajili ya chambo. Inaaminika wanadhani ni fuko anawachimbia.

#27 Mzee wa Ruvu
Hiyo ya kigingi nataka nijue urefu wake.

#28 Mkulima wa Kilosa
Mwalimu hapo kwenye fuko ufafanue maana kuna mtu ataenda kuwalaumu. Fuko wetu hawa wa huku anakula mizizi na viazi, mihogo yangu ni shahidi. Anayekula nyungunyungu ni yule wa Ulaya na Marekani, mnyama mwingine kabisa ingawa wote wanachimba.

#29 Mwalimu wa Baiolojia
Sahihi kabisa, asante kwa kunirekebisha. Huku wanaowala ni siafu, kuku wa kienyeji, vyura, na kunguru. Hawa kunguru weusi wa Dar wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Nawaona uwanjani kila mvua ikikatika wanawachomoa mmoja mmoja. Kuna pia mnyoo bapa mwenye kichwa kama kepe, anakuja na miche ya kwenye vyungu, anamzingira nyungunyungu na kumla. Ukimkuta usimkatekate, kila kipande kinaweza kuwa mzima. Kinyume chake, nyungunyungu ukimkata katikati hupati wawili. Mara nyingi hupati hata mmoja.

#30 JembeLaMkono
Hii ya kukatwa nilifundishwa tofauti tangu darasa la tatu, yaani miaka yote nimewakata nikijua nawazalisha. Inaniuma kweli.

#31 Kuku Mia Tatu
Mbona hamjagusa SA? Ile inafanya udongo kuwa mchachu mwaka hadi mwaka. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 5 nyungunyungu wengi hawakai. Dada peleka udongo ukapimwe, chuo cha kilimo SUA Morogoro wanapima, na kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga ndio wenyewe wa udongo.

#32 Chumvi Mbezi Beach
Kisima chenye chumvi na zege la kifusi vinapandisha pH, SA inashusha. Inawezekana yuko katikati hapo, kwa hiyo akapime kweli, asimwage chokaa kwa kubahatisha.

#33 Dada wa Msimbazi
Na kuna njia ya kuhesabu. Unga wa haradali, pale Kisutu kwenye viungo unaupata, vijiko viwili vikubwa kwenye lita mbili za maji, mwaga taratibu kwenye mraba wa futi moja uliofagiliwa majani. Inawawasha, wanapanda juu ndani ya dakika chache. Waoshe maji safi ndo uwarudishe. Wanasema wakifika kumi kwa mraba huo ni vizuri ila hiyo hesabu ni ya Marekani, huku kwetu mchwa nao wanafanya nusu ya ile kazi, wanaingiza majani chini, wanatoboa udongo. Mama ulisema una mchwa. Usiwaue.

#34 Kifusi cha Goba
Mchwa wanakula milango yangu, dada.

#35 Dada wa Msimbazi
Walishwe kitu kingine basi, hapo umewaachia mlango tu.

#36 Mnunuzi
Mimi niliona hii ni rahisi, nikanunua kilo moja ya wale wekundu wanaouzwa kwa ajili ya mboji, hela nyingi, nikawamwaga kwenye tuta la nyanya. Wiki mbili hakuna kitu. Niliyenunua kwake ananiambia nimewapa joto.

#37 Mwalimu wa Baiolojia
Kuuziwa umeuziwa nyungunyungu wa kweli lakini siyo wa kazi hiyo. Wale wekundu wadogo, Eisenia fetida, asili yao Ulaya, wanaishi kwenye lundo la samadi na taka, siyo ndani ya udongo wenyewe. Hata yule mkubwa wa zambarau anayefugwa sana nchi za joto, Eudrilus eugeniae kutoka Afrika Magharibi, anataka lundo lenye chakula kingi. Wa kwenye udongo wa bustani ni wengine, wanachimba, wana rangi ya kijivu au waridi iliyofifia. Wafuge wale kwenye ndoo upate mboji, mboji ndiyo uipeleke kwenye tuta.

#38 Ng'ombe Wawili
Je, samadi ya ng'ombe waliochomwa sindano ya minyoo? Mimi nahisi dawa inatoka na mavi inaua na hawa.

#39 Mwalimu wa Baiolojia
Inatoka na mavi ni kweli. Inayojulikana zaidi kuumizwa ni mende wa mavi na mabuu ya nzi, nyungunyungu siyo sana. Ukiacha samadi iive hofu inapungua.

#40 Mama Tembele
Wapendwa nimerudi baada ya wiki sita, nilisema sitaandika mpaka niwe na kitu. Nimeacha SA. Pakiti ya ile dawa nimeikosa, niliitupa. Samadi nimeirundika, haijaiva bado, sijaitumia. Majani yote ya uwanja nimeyapeleka nyuma. Ya mwembe yamegoma kuoza, yapo vilevile kama ngozi, lakini ya papai na yale magome ya mgomba niliyobeba kwa bajaji kutoka soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo yamelainika. Kwenye kona ya tenki nikaweka gunia la katani lililolowa juu ya magome. Nimezuia maji ya geti yasiende nyuma. Na mzee wa Ruvu alinitumia ujumbe, akaniletea kopo la udongo wa migomba yake pamoja na waliomo, Mungu ambariki, nikawazika jioni chini ya gunia. Halafu vuli ikaanza wiki ileile.

Leo alfajiri nimefunua gunia. Juu ya udongo kuna vitu kama tambi nyeusi zilizorundikwa, nikishika zinavunjika laini. Nikachokoa kwa kijiti. Mmoja akavuta kichwa ndani, polepole, nikaona ule mkanda wake karibu na kichwa, umevimba kidogo. Nimepiga magoti pale mpaka mwanangu akaja kuuliza mama umepoteza nini. Nimehesabu watano. Na kuna vifuko vidogo kama punje ya mtama, rangi ya kahawia.

#41 Dada wa Msimbazi
Hivyo ndivyo vifuko vya mayai! Funika haraka vikae na unyevu. Nimefurahi mpaka nimepiga simu nyumbani. Ni majani, nilisema.

#42 Chumvi Mbezi Beach
Ni mvua ya vuli imeosha chumvi.

#43 Kifusi cha Goba
Ameziba maji ya geti mmesoma lakini?

#44 Kuku Mia Tatu
Ameacha mbolea mbichi.

#45 JembeLaMkono
Na labda ni wale watano wa kwenye kopo, hawajazaliana wala hawajarudi, wamehamishwa tu. Mzee uliweka wangapi?

#46 Mzee wa Ruvu
Sikuhesabu. Kama kumi na tano hivi.

#47 Mwalimu wa Baiolojia
Mama chimba sehemu ambayo hukuweka kopo wala gunia, tuta la matembele lenye matandazo tu. Na lingine ambalo hukugusa kabisa.

#48 Mama Tembele
Tuta la mchicha upande wa ukuta sijaligusa, hata jani sijaweka. Haradali ninayo. Kesho alfajiri kabla jua halijapanda namwaga kote kuwili, mraba wa futi moja kila upande, nitawaletea hesabu.

#49 Kijana wa Tabata
Naja na mimi kushuhudia, nipe kituo cha kushukia.